Mizani ya Kaunta ya Nne

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimetoka zamu ya asubuhi sasa hivi, nimekaa ukingoni mwa kitanda, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto na karatasi iko juu ya kile kimeza ulichonitengenezea mguu wake ulipokuja. Goti lako linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma, unaipaka au umemwachia Mama aimalize? Na Mama mwenyewe, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Ni uchovu tu, na huo umeshakuwa mpangaji wangu, halipi kodi wala hahami.

Dada alinipigia simu wiki mbili zilizopita. Alisema tangu urudi kutoka kwangu hujapima kitu chochote. Jirani alileta gunia lake la maharage kama kawaida, ukamwambia aende dukani, kwako hakuna mizani tena. Hilo ningelivumilia. Lakini akaendelea kusema kwamba umeanza kuwazungukia wakulima wa zamani mmoja mmoja, na goti lako hilo, ukiwaomba radhi kwamba huenda katika ile miaka thelathini na moja ya ghala la ushirika uliwapunja pamba yao bila kujua. Wengi walicheka wakakukaribisha chai. Yule mwenye shamba la karibu na daraja hakucheka. Alisema yeye siku zote alikuwa na wasiwasi, ila alikuonea haya. Kuanzia hapo maneno yakasambaa, na sasa, anasema Dada, ukipita pale dukani wapo wanaonyamaza, na mmoja amekuita mwizi huku unasikia. Dada aliniomba niongee nawe kwa sababu mimi ndiye unayenisikiliza. Masikini, hakujua anamwomba nani.

Nilipokata simu nilikaa muda mrefu nikikumbuka ghala lile. Wakulima walikuita Nukta, kwa kuwa hukukubali kusoma mizani mpaka mshale utulie kabisa kwenye nukta yake, hata kama foleni imefika barabarani na meneja anakukodolea macho. Ulikuwa unapuliza vumbi kwenye sahani ya mizani kabla ya kila mzigo, sisi watoto tukikuiga nyumbani kwa kupuliza sahani za chakula, Mama anatufokea. Na mimi ulinipa jina la Gramu kwa sababu nilizaliwa mdogo, ukanipeleka ghalani kunipima mwenyewe kwa kuwa hukuamini mizani ya zahanati. Nilikuwa na kilo mbili na gramu mia moja. Mama anasema uliitangaza namba hiyo kwa kila aliyepita, kama vile umevuna.

Baba, ulipokuja hukuniuliza sana kuhusu kazi yangu, nami sikueleza. Acha nieleze leo. Shirika letu la ndege linauza tiketi kwa bei ya jozi ya viatu, na mtu akiiona kwenye simu yake anafurahi, ananunua. Kisha tunaanza kumtoza kidogo kidogo. Kiti cha dirishani kina bei yake, na kukaa karibu na mke wako mwenyewe kuna bei yake. Asiyejiandikisha kwa simu kabla ya kufika uwanjani analipa ili mimi nibonyeze vitufe viwili, na akitaka nimchapishie karatasi ya kupandia ndege, analipia na karatasi. Begi ndiyo usiseme. Bibi mmoja aliniuliza kama viti vya ukumbi wa kusubiria navyo vinalipiwa. Nilicheka, lakini ilibidi nifikirie kwanza, maana sikuwa na hakika.

Nimeona mwanamume mzima amevaa makoti matatu na suruali mbili, viatu kavisokomeza mifukoni, jasho linamtiririka, ananiambia kwa uso mkavu kwamba anasikia baridi. Nimeona bibi harusi akimwaga nguo zake zote sakafuni mbele ya foleni kutafuta kilo moja ya kupunguza. Wananitukana. Mwanzoni nilikuwa nakwenda kulia chooni, siku hizi matusi nayapokea kama salamu, naitika na kumwita anayefuata. Na yote hayo tunayafanya tumesimama, saa nane, kwa sababu shirika linaona karani aliyekaa anaonekana mvivu.

Mkubwa wetu wa zamu tunamwita Bwana Ziada. Si mtu mbaya wa sura, ana sauti ya upole na anajua majina ya watoto wetu wote. Ila kila mwezi anabandika orodha kwenye chumba cha chai, inayoonyesha kila karani amekamata mabegi mangapi yaliyozidi uzito. Wa kwanza kwenye orodha anapewa cheti chenye picha yake, na huwa inasemwa kwamba anayekipata cheti anafikiriwa kupelekwa ofisi ya juu, kwenye viti. Kumbuka hicho cheti, Baba, nitakirudia.

Sasa turudi kwenye siku yako ya kuondoka. Uliamka mapema, ukatoa mizani yako ya mkono, ile ya kuning'iniza yenye uso wa shaba uliyokuwa ukihakikia mizani ya ghala, ukaitundika kwenye kitasa cha juu cha dirisha langu na kupima begi mara tatu. Ulitoa sabuni, ukairudisha, ukatoa tena. Begi lilikuwa kilo kumi na tatu na robo. Mizani yenyewe ina kilo moja na robo, ukaijumlisha kwa kuwa ingeingia begini baadaye, zikawa kumi na nne na nusu. Shirika linaruhusu kumi na tano. Ulisema hiyo nusu iliyobaki ni ya heshima tu, mtu asiende ugenini akiwa amejaza mpaka ukingoni. Nilicheka, nikakutangulia kazini.

Ulipofika uwanjani ulinikuta kaunta ya nne. Kaunta ya pili haikuwa na watu, lakini uliiacha ukapanga foleni ndefu ya kwangu, kwa sababu ulitaka uhudumiwe na binti yako. Bwana Ziada alikuwa amesimama nyuma yangu. Uliweka begi juu ya mizani na namba ikasoma kumi na sita na nusu. Uliniomba uliinue uliweke tena. Kabla ya kuliweka uliinama ukapuliza vumbi, watu wakacheka. Ikasoma kumi na sita na nusu.

Nikakutajia kiasi cha kulipa. Hukubishana. Ulifungua leso, ukalipa, ukasubiri risiti. Kisha ukafungua begi, ukatoa mizani yako ukanikabidhi kwa juu ya kaunta, ukisema nibaki nayo, imezeeka kama wewe, isije ikamdanganya mtu mwingine. Halafu ukawageukia waliokuwa nyuma yako, ukawaambia kwamba huyu ni binti yako wa kumzaa, na amekupima kwa haki bila kukupendelea. Mzee mmoja alipiga makofi. Ulikuwa unatabasamu, Baba, ulikuwa unajivunia mimi. Nami nikamwita anayefuata.

Sasa kama umesimama, naomba ukae.

Mizani yako haikukosea. Mizani ya kaunta ya nne inazidisha kilo mbili. Wakati wa mvua iligongwa na toroli la mizigo, na fundi aliyekuja kuitazama alisema mbele yetu sote kwamba haifai kutumika. Bwana Ziada akajibu kwa ile sauti yake ya upole kwamba kipuri kimeagizwa, tuendelee kwa sasa. Kipuri hakijafika mpaka leo. Makarani wote tunajua, na badala ya kuikimbia tunaigombania, kwa sababu anayesimama pale anakamata mabegi mengi kuliko wenzake. Unakuta mtu amepima nyumbani kwake vizuri, anaapa, anataka kulia, nasi tunamwonyesha namba inayowaka mbele yake na anafungua pochi, kwa sababu nani atabishana na namba?

Na hilo si lote. Siku ile sikupangiwa kaunta ya nne. Nilipangiwa ya pili, ile uliyoiona haina watu. Mwenzangu mmoja, Mama Pacha, ndiye aliyepangiwa ya nne, nikamwomba tubadilishane. Ilikuwa siku ya mwisho wa mwezi na nilikuwa nimebakiza mabegi machache niwe wa kwanza kwenye orodha. Nilipokuona umesimama kwenye foleni yangu ningeweza kukuonyesha kwa mkono tu uende kaunta ya pili, mahali penye mizani nzima. Nilikuwa na dakika ishirini nzima za kuinua mkono. Sikuinua. Baba, begi lako ndilo lililonipa cheti.

Nilikitaka kwa ajili ya kile kiti, miguu imenichosha, sitakudanganya. Lakini cheti nilikitaka pia nikutumie wewe. Ndicho hicho ulichokitia fremu, na Dada anasema umekitundika sebuleni chini ya kile cha ushirika walichokupa ulipostaafu. Kiti chenyewe sikupewa, alipewa mpwa wa mtu.

Baada ya simu ya Dada sikuweza kulala wala kula vizuri. Nikanunua pakiti kumi za sukari za kilo moja moja, nikafika kazini kabla ya wengine. Kwanza nilizitundika kwenye mizani yako nikasubiri mshale utulie, kama ulivyonifundisha. Kilo kumi. Kaunta ya kwanza, kumi. Ya pili, kumi. Ya tatu, kumi. Ya nne, kumi na mbili. Mama Pacha alinikuta nimesimama pale natazama namba, akaninong'oneza nifiche sukari yangu kabla sijatuponza wote. Ni mtu mwema, ana watoto wa kulisha, simlaumu.

Siku hiyohiyo mchana nilikwenda ofisi ya vipimo vya serikali, nikaandika kila kitu na kutia sahihi kwa jina langu kamili. Wakaguzi walikuja Alhamisi wakaizungushia kaunta ya nne utepe mwekundu. Bwana Ziada ameniita ofisini kwake Jumatatu, na safari hii hakuniuliza habari za mtu yeyote wa nyumbani. Najua nitakachoambiwa. Miguu yangu peke yake ndiyo itakayofurahi.

Mizani yako nimeifunga kwenye ile shuka ya bluu, nitampa konda wa basi pamoja na barua hii. Kwa ndege wangeitoza. Usimwache konda akuombe chochote, nimeshamalizana naye. Ukiipata itundike palepale ilipokuwa, pima maharage ya jirani, na cheti changu kishushe ukutani, kisikae chini ya chako hata siku moja zaidi.

Nina ombi moja tu. Barua hii usiifiche kwa kunionea huruma, nakujua. Mpe Dada aende nayo pale dukani aisome kwa sauti mbele ya wote waliokuwepo siku ulipoitwa mwizi, na yule wa karibu na daraja aitwe. Asome yote, hata hapa. Wajue kwamba Nukta hakuwapunja hata kidogo, na wajue aliyepunja ni nani. Mimi niko mbali, yao nitayasikia kidogo tu. Na wewe ukinikasirikia utakuwa na haki yako, ila usikae muda mrefu bila kunijibu, hata kama jibu ni mistari miwili.

Mpe Mama salamu zangu na umwambie avae ile sweta asubuhi. Msalimie Dada na watoto wake, na jirani wa maharage, na yeyote anayeniulizia kwa wema baada ya kusikia haya. Mungu akutunze, na goti lako lipumzike sasa, huna tena nyumba ya kwenda kuomba radhi.

Ni mimi binti yako,

Gramu,

ambaye hakukupima kwa haki.