Chenga kwenye Televisheni Yangu

Ijumaa. Mawingu tangu alfajiri, na joto halina pa kutokea. Nina hasira, naandika kwa pupa. Mwandiko huu nisijilaumu nao baadaye.

Wiki ya tatu sasa televisheni yangu inatoa chenga. Mume wangu aliinunua Unguja, nami nilijidai nayo mtaa mzima, kwa kuwa Bagamoyo hii wenye kitu hicho tunahesabika. Matangazo ya Unguja yalikuwa yanavuka maji hadi sebuleni kwangu, nyuso za watu safi kabisa. Kisha ghafla kila mtu akawa na kivuli chake pembeni, na picha ikawa inapanda juu bila kusimama.

Nimefanya kila nililolijua. Nimezungusha swichi zote za nyuma, nimepangusa kioo, nimeichomeka kwenye soketi ya chumbani. Hata Ayatul Kursi nimeisomea. Mume wangu akasema ni upepo wa kusi, unatikisa antena.

Fundi Omari, anayetengeneza redio sokoni, kaja mara mbili. Kaifungua, kaipuliza vumbi, kasema nzima. Nikamwambia basi apande juu akaitazame antena. Mara goti linamuuma, mara ngazi fupi. Leo asubuhi nikachoka na goti lake. Nikajifunga kanga kiunoni, nikapanda mwenyewe.

Antena ilikuwa imara, imeelekea Unguja. Lakini zilishuka nyaya mbili.

Mmoja wangu. Wa pili ulivuka ukuta wetu wa nyuma ukaingia dirishani kwa Mwanaidi, mshonaji aliyehamia kutoka Pangani baada ya Idi. Mkeka anaolalia nilimpa mimi. Na pale uani kwake ilianikwa kanzu ya mume wangu, ninayoijua vizuri kwa sababu kifua chake nilikitarizi kwa mkono wangu.

Nami nilidhani yuko Lugoba ananunua mahindi. Kila wiki, siku tatu Lugoba.

Alitokea baada ya sala ya Ijumaa, mkoba wa safari begani. Nikamwuliza ule waya wa pili ni wa nani. Hakukana. Alikaa kitako, akavua kofia.

"Mama Zuhura, nimemuoa kihalali. Na wake wawili lazima uwafanyie uadilifu. Wewe una televisheni, naye nikamnunulia. Antena ya pili ndiyo sikuipata."

Uadilifu! Siku kagawa, picha kagawa, habari ndiyo kaninyima. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Fundi Omari alijua, kwani waya aliufunga yeye. Majirani nao walijua, na walikuwa wanakuja kukaa sebuleni kwangu, wanakunywa chai yangu na kunipa pole ya chenga.

Nimeonekana mjinga kwa wiki tatu.

Alasiri Mwanaidi alipiga hodi, sahani ya vitumbua mkononi. Nilijiandaa kumtoa mbio.

"Shikamoo, dada mkubwa," akasema. "Nimesikia kelele, nimeshindwa kukaa. Mimi niliambiwa siku ya ndoa kwamba wewe umeridhia. Tena nikaambiwa ni wewe uliyesema tuvutiwe waya, nisikae mpweke. Kila nikisali nakuombea kwa wema huo."

Kumbe naye alidanganywa. Sahani aliishika upande, na kitumbua kimoja kilikuwa kimedondoka kizingitini.

Nikaitikia marahaba. Nikapokea sahani.

Sasa ameondoka, na mume wangu yuko msikitini tena, leo uchamungu umemzidi. Kesho asubuhi nakwenda Mlingotini kwa kaka yangu, aje amkalishe mtu huyu mbele ya wazee aseme upya aliyomwambia kila mmoja wetu. Hilo nimeliamua na sirudi nyuma. Nisilolijua bado ni hili: nikitoka, nipite mlango wa nyuma nimwambie Mwanaidi naye avae buibui twende?