Nani Anang'oa Mchicha Wangu?

Naguru, Kampala

Dada yangu mpenzi Mwajuma,

Assalam alaikum. Naomba salamu zangu zikukute kabla hujaanza kuchambua mchele, maana najua ukishika ungo husikii la mtu. Mgongo wa mama umepoa? Na baba bado anagombana na majirani kwa ajili ya redio? Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, na nampenda mume wangu mpaka naona haya kuandika.

Nimekuandikia barua badala ya kupiga simu kwa sababu mama huweka spika, na haya si ya spika. Isome ukiwa peke yako. Kuna mtu anaingia uani kwangu, dada. Na nahisi Rama anamjua.

Nianze mwanzo. Unakumbuka Rama alivyokuwa haongei sana kwenye harusi? Hapa nyumbani ni mtu mwingine kabisa. Tulipohamia alikuta ua wetu ni changarawe tupu, na mimi nikamwambia kwetu Tabora sijawahi kununua mchicha. Jioni moja akarudi kutoka soko la Owino, anakouza viatu vya mtumba, amebeba mbao za makreti kichwani, jasho linamtiririka. Akazipigilia misumari zikawa kama sanduku refu lisilo na kifuniko, akalijaza udongo mweusi na samadi mpaka juu. "Tuta lako, bibi arusi," akaniambia. Wengine huletewa mikufu, dada. Mimi nililia.

Kisha tukakaa chini kwenye mkeka wetu tukapanga. Rama alichora tuta kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, akaligawa sehemu tatu. Upande wa ukutani mchicha, ambao huku wanauita dodo, kwa kuwa unawahi. Katikati sukuma wiki, inayokaa muda mrefu tukichuma majani ya chini. Mwisho figili. Mchicha ukitoka, mahali pake paingie vitunguu. Figili zikitoka, iingie giligilani. Na tusipande kila kitu siku moja, la sivyo tutashiba wiki moja kisha turudi sokoni. Alikuwa anaongea huku kidole chake cheusi cha mkaa kinanigusa pua. Hata mpangilio wa mboga, kwa mdomo wake, ni maneno ya mapenzi.

Lakini mpango wote ule una mwisho wake, nao ndio unaonitisha. Kwao, mke mpya hupikia nyumba nzima futari ya kwanza ya Ramadhani, na mboga sharti zitoke mikononi mwake. Zisinunuliwe. Watakuja wifi zangu wote, na mamamkwe, Hajati, ambaye tangu nifike hajaniambia neno moja baya wala zuri. Ananitazama tu, anatabasamu, anasema, "Kula, mwanangu." Tabasamu hilo nalo sikuliamini.

Basi mchicha ukaota, mzito kama zulia. Nikafurahi. Jumapili moja nikarudi kutoka darsa la akina mama msikitini, nikaona zulia lina matundu. Miche imeng'olewa, huku mmoja, kule mwingine. Nikasema ni kuku. Lakini kuku huparua, na huu udongo ulikuwa umesawazishwa kwa kiganja. Tena ulikuwa umemwagiwa maji. Kuku gani anamwagilia?

Nikamuuliza Rama. Akajikuna shingo. "Labda kuku," akasema, akaenda kuosha viatu ambavyo tayari vilikuwa vimeoshwa.

Jumapili iliyofuata, matundu yakaongezeka, na katikati ya mchicha wangu kukawa na miche nisiyoipanda mimi. Midogo, majani yana rangi ya zambarau kwa mbali. Na kwenye mpini wa kijembe changu, dada, kulikuwa na harufu ya udi. Mimi sifukizi udi.

Hapo ndipo nikakosea, nikamwambia jirani. Anaitwa Nalongo, kwa kuwa amezaa mapacha, na hakuna jambo la mtaa huu lisilopita kwake. Akapiga kofi moja mapajani, akaniita nyabo, yaani bibi.

"Nyabo, wewe lala tu! Mwanaume kupenda mboga namna hiyo, umeona wapi? Mimi bwana yangu hata jani ya dodo hajui."

"Rama ananipenda, Nalongo."

"Kupenda anapenda. Lakini huyo mwanamke mwingine anapanda mboga yake ndani ya tuta yako. Leo mboga, kesho kitanda!"

Nilicheka mbele yake. Ndani sikucheka. Nilianza kunusa mashati ya Rama kabla ya kuyafua. Nilianza kumtazama akilala, mzuri vile, nikawaza ni nani mwingine anayejua kwamba hulala mdomo wazi kama mtoto. Akiniletea mandazi, nauliza moyoni anafuta kosa gani. Akinisifia, nahesabu hilo pia. Ndoa changa hivi, dada, na mimi tayari mpelelezi.

Kisha Jumapili moja nilifika njia panda nikakumbuka nimesahau juzuu yangu. Nikarudi. Mlangoni nikamsikia Rama anaongea kwa simu, sauti ya chini.

"Ametoka. Unaweza kuja sasa. Hapana, yeye hajui kitu."

Sikuingia. Nilikwenda darsa bila juzuu, na ukiniuliza mwalimu alifundisha nini, sijui mpaka leo.

Wiki nzima nilimpikia, nikamchekea kama kawaida. Jumapili nikavaa buibui, nikaaga, nikazunguka nyuma ya nyumba na kuingia kwa Nalongo. Tukajificha nyuma ya mashuka yake aliyoanika, pale uzio wa mabati una tundu. Nalongo alishika mchi wa kinu. Nilimuuliza wa nini, akasema, "Wewe tazama tu."

Mlango wa ua ukafunguliwa. Harufu ya udi ikaja kwanza. Kisha akaingia Hajati.

Mamamkwe wangu, dada! Amefunga gomesi yake, lile gauni refu la huku, kiunoni, akapiga magoti kwenye changarawe na magoti yale mabovu, akaanza kung'oa mchicha wangu mmoja mmoja na kuutia kikapuni.

"Huyu mtoto anamwaga mbegu kama chumvi," akasema. "Tazama, zimebanana kama watu ya Owino. Zitanenepa lini?"

"Mama, si umwambie tu," Rama akasema. "Mimi nimechoka kusingizia kuku."

"Nimwambie? Marehemu mama wa baba yako hakunisahihisha hata siku moja mpaka nilipompikia futari ya kwanza. Bibi arusi hasahihishwi. Akishapika, watu wakashiba, hapo nitamwambia yote, na atachoka masikio." Akachomeka mche wa zambarau, mboga ya majani wanayoipenda huku, kwenye tundu. "Na nyinyi mmesahau nakati. Dada zako bila nakati watakula kweli? Watasema wifi yetu ametulisha majani. Dodo ikitoka, hii inabaki inakua. Ramadhani itaikuta tayari. Lete maji."

Rama, mwongo wangu mpenzi, akamletea maji, kisha akamshika mkono amwinue.

Nalongo akaweka mchi chini. "Nimeleta bure," akanong'ona, na nilivyoona alisikitika kweli.

Sijawaambia kwamba niliona, na wewe usimwambie mtu. Nakati zinapendeza, nami nazimwagilia kana kwamba zimeota zenyewe. Ila Rama bado namtazama kwa jicho la pembeni. Mtu aliyenidanganya usoni vile kuhusu kuku, tena huku akinipapasa shavu, nitajuaje siku akidanganya kweli? Jana ameniambia mimi ni mzuri kuliko wanawake wote wa Kampala. Nimekubali, lakini nimemtazama kama anajikuna shingo.

Nisalimie mama na baba, shangazi mshonaji, na shemeji yangu mwenye baiskeli. Nitumieni mbegu za mlenda wa kwetu kwa kondakta wa basi. Wifi hawajawahi kuula, nao hawatajua kama nimeuharibu.

Leo asubuhi nimepanda figili mpya. Safari hii najua namna ya kuachanisha mbegu. Lakini nimezimwaga kama chumvi hivyohivyo, na Jumapili nitawahi kutoka.

Mdogo wako akupendaye,
Tatu