Kompyuta Imevishwa Kitambaa

Mama, endelea kunigombeza ukiwa huko jikoni, mimi najibu na karatasi. Sio ile draiva, programu ya kuendesha skrini, niliweka jana imeharibu kompyuta. Ni hiyo kitambaa ulishona ukaifunika, sasa joto haina pa kutokea, skrini inazima. Nimeitoa mara mbili, ukarudisha, ati kompyuta ikikaa uchi wageni watatucheka.

Kananu, intavyu yako ya chuo kwa hiyo kompyuta ni saa nane. Skrini ikizima, zima mashini, ngoja ipoe, washa tena. Usiguse draiva, tafadhali dadangu.

~~Mkishindwa msinipigie.~~ Nipigieni, niko kwa rafiki yangu Jesse.

Mama, kitambaa naenda nayo kwa mfuko. Utaipata Kananu akimaliza. Nasikia umeacha sufuria unakuja, naona umeanza kushuku. Nafunga mlango.

Kijana yako, Kaberia