Barua za Baba Nilizokusomea

Chumbani kwangu,
Jumapili asubuhi.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi cha asubuhi, kimekuachia au bado mnagombana? Mimi mzima, ila mafua kidogo na upweke ule ule unaoujua, usio na dawa dukani. Jirani wa ukuta wa pili amehama, kwa hiyo siku hizi hata redio ya kuilalamikia sina. Nikirudi kazini navua viatu, najiuliza mwenyewe habari za kutwa, najijibu nzuri.

Nimeandika kwa herufi kubwa zilizoachana ili usome bila taabu. Kwenye mkato pumzika, kwenye nukta vuta pumzi. Sentensi ikikuchosha, ikatekate vipande kama mlivyofundishwa. Ila nakuomba usome peke yako, usimpe mtu akusomee, hata mwalimu wako. Utaona mwenyewe kwa nini.

Barua yako ilinifikia Jumanne ofisini. Tarishi aliiweka mezani akicheka, akasema leo katibu muhtasi ameandikiwa na mtoto wa chekechea. Nilimwambia mtoto huyo ana miaka sitini na minne na ndiye aliyenizaa, akashika mdomo. Mama, nililia pale pale, mbele ya mashine ya fotokopi. Miaka ishirini naandika kila aina ya maandishi: mihtasari ya vikao, matangazo ya kazi, hotuba za mkurugenzi, rambirambi kwa watu nisiowajua hata sura. Hakuna aliyewahi kuniandikia mimi. Barua ya kwanza imetoka kwako, kwa penseli, mistari ikipanda kilima.

Lakini furaha yangu haikufika ukurasa wa pili. Umesema unaacha kisomo. Umesema mwalimu aliwaambia kila mmoja aanze na maandishi ambayo tayari anayo kichwani, nawe ukachukua barua za baba, kwa kuwa unazijua zote neno kwa neno. Umekaa nazo wiki nzima, zimekukatalia. Pale palipopaswa kuwa na mvua inayogonga bati na baba anayekuwaza, wewe ukasoma bomba lililopasuka na vitanda viwili. Ukaona kichwa chako kimekwisha, na kwamba mwalimu anakusifu kwa kukuonea huruma tu. Ukaandika kwamba wewe ni wa sufuria, si wa kalamu. Ah, mama! Hapo uliniweza.

Sasa nisikilize. Nilikuwa na miaka kumi na moja baba alipokwenda kufanya kazi ya ufundi bomba kule kiwandani, na nyumbani kwetu aliyejua kusoma nilikuwa mimi tu. Baba aliandika barua kama mtu anayejaza fomu. Moja, mimi mzima. Mbili, bomba kuu lilipasuka, tumelifunga. Tatu, wasalimie wote. Basi! Ile ya kwanza nilikusomea kama ilivyo, nikaona uso wako unavyoshuka. Uliniuliza kama upande wa pili hakuna kitu. Nikageuza karatasi. Upande wa pili ulikuwa mtupu, nami nikausoma.

Wiki ile shuleni tulikuwa tumefundishwa aina za insha: ya masimulizi, ya wasifu, ya hoja. Mwalimu wetu alisema insha ya wasifu humfanya msomaji aone na asikie. Basi nikakuonyesha mvua, nikakusikilizisha bati, nikamkalisha baba dirishani akikuwaza wewe. Nilitia chumvi, mama, nawe ukaipenda. Ukawa unataka nirudie mara tatu, mara nne, kwa hiyo ilinibidi niandike uongo wangu kwenye daftari la hesabu nisije nikajichanganya. Ndiyo maana unazikumbuka vizuri namna hiyo. Ulichohifadhi miaka yote hii ni insha za mtoto wa darasa la tano.

Ningeishia hapo, leo tungecheka wote wawili. Sikuishia hapo.

Mwishoni mwa barua yako umesema kuna neno moja ulilisoma mara sita. Ukamwita mwalimu, naye akasema ni hilo hilo, ukajua hata yeye anakosea, kwa sababu mumeo hakuwahi kukuambia neno hilo. Njooni.

Alikuambia, mama. Aliandika: moja, nimepata vyumba viwili. Mbili, nimenunua vitanda viwili. Tatu, njooni wote shule zikifungwa, nimechoka kukaa peke yangu. Mimi nikakusomea kwamba nyumba hazipatikani, kazi imemzidi, tumsubiri. Nilijua ninachofanya. Niliogopa kwamba tukienda utamkuta mtu asiye na maneno, utamtajia ile mvua, atashangaa, nami nitaumbuka. Kwa kuogopa kuumbuka nilikunyima mume. Uliponituma nijibu kwamba tunamsubiri, niliandika neno kwa neno, sikuongeza kitu. Yeye akaipata, akadhani umekataa.

Aliandika tena mara moja tu, kisha kimya. Miaka miwili baadaye fundi mwenzake akatuletea begi lake na habari za homa iliyomchukua. Nilikusikia ukimwambia mama mdogo kwamba kifo kimekuuma, lakini kutoitwa kumekuuma zaidi. Nilikuwa mlangoni nimeshika ndoo. Nikapita na ndoo yangu. Miaka thelathini na moja nimekaa na jambo hili, na usidhani ni kazi iliyonizuia kuja nyumbani mara kwa mara. Kila nikija unazitoa zile barua unataka nikusomee, nami nakusomea zangu za kichwani, macho yakikwepa maandishi yake, nikirudi huku siwezi kujitazama kwenye kioo. Hata wale wachumba wawili niliwakimbia mwenyewe. Niliona mtu kama mimi hastahili kuitwa na mtu.

Sikuombi unisamehe kwa haraka. Ukitaka kukasirika, kasirika, hiyo ni haki yako, wala usijikaze kwa ajili yangu. Lakini usiache kisomo. Kichwa chako hakina ubovu wowote. Ulisoma sawasawa.

Nitakuja Jumamosi ijayo, kama utanifungulia mlango. Ile barua ya mwisho, aliyoandika baada ya jibu letu, sikumbuki tena ilisema nini. Nimebakiwa na ya kwangu niliyoitunga, ya kwake imenitoka. Nimejaribu tangu Jumanne, haiji. Wewe ndiye utakayenisomea. Nitakaa kwenye mkeka nisikilize, na hata ukikwama, sitakusaidia neno.

Mfikishie mama mdogo salamu zangu. Na mwalimu wako mwambie hakukosea.

Binti yako, anayekupenda na anayekuogopa.