Kompyuta Ilipomtoa Mama Njeru

Mke mwenzangu Mama Njeru,

Huko uliko usifikiri nimekuja kukulilia. Nililia siku ya mazishi, ikatosha. Leo nina maneno, na watu wayasome wakitaka.

Unakumbuka Wanja, mjukuu wako, na wangu pia maana ni mimi nilimfunza kutembea, alipotoka chuo na ile mashine ya kupima presha? Alitukusanya akina mama wazee kumi na wawili hapa Karurumo. Tupunguze chumvi, naye atupime mara nne, kila baada ya wiki mbili. Githeri yetu ya mahindi na maharagwe ikawa kama ya hospitali! Siku ya pili ya kupimwa presha yangu ikawa imeshuka, yako ikakataa. Nami na huu mdomo wangu nikasema mbele ya kikundi chote, "Ya Mama Njeru itashukaje, na analamba chumvi ya ng'ombe?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wewe ukajifunga leso, ukaniambia, "Ulitangulia kuolewa, sasa unataka kunishinda mpaka kwa damu?" Ukaenda.

Siku ya tatu haukuja. Ya nne ulikuja, ukakaa mbali na mimi, na yako ikawa imeshuka kuliko yangu. Uliniangalia tu.

Sasa juzi, wewe ukiwa tayari kaburini, Wanja alikuja na kompyuta, anaandika kitabu chake cha kumaliza chuo. Nikamwambia anisomee. Akanionyesha jedwali limejaa namba. "Cucu," ndivyo anavyotuita sisi nyanya zake, "huu mstari hauangalii nani ana presha kubwa kuliko nani. Unalinganisha kila mtu na yeye mwenyewe, kutoka siku ya kwanza mpaka ya mwisho."

Miaka yote ndani ya boma moja watu walitupima mimi na wewe: nani amezaa, nani anajua kupika, mzee amelala kwa nani. Kumbe kuna hesabu inayomwachia kila mwanamke kipimo chake.

Halafu nikaona pale juu wameandika kumi na moja. Shule niliachia darasa la tatu, lakini kumi na moja naijua.

"Nani hayuko?"

"Cucu Mama Njeru. Alikosa siku moja, na hii njia ikikosa kipimo kimoja inamtoa huyo mtu kabisa."

"Na zile siku tatu alizokuja?"

"Inazitupa."

Ngai! Nikasimama. "Wewe mtoto, ukikosa kanisa Jumapili moja, padri anafuta ubatizo wako?" Akaniambia mwalimu wake ameshakubali, na tena majibu hayatabadilika sana. "Nani amekuuliza majibu? Nimekuuliza nyanya yako! Kama hakuna njia ingine, mwambie huyo mwalimu nitakuja mwenyewe hapo chuo, na nitakuja na kiti changu."

Kumbe njia ilikuwako. Akakuna kichwa, akasema kuna hesabu ingine inayomchukua mtu kwa siku alizokuja, ila ni ngumu kueleza, na mwalimu atamuuliza maswali mengi.

"Basi si uyajibu? Ulienda kusoma nini?"

Akabonyeza mpaka chai ikapoa. Majibu yakatoka karibu yale yale: chumvi ikipungua, presha zetu zinashuka. Lakini pale juu, kumi na wawili. Akaenda kubishana na mwalimu, ikapita.

Aliporudi nikamuuliza kama ile siku yako ya tatu imewekewa kitu. Akasema hapana, hesabu hii haijazi pengo kwa kubahatisha, inaliacha wazi. "Lakini mwalimu anataka niandike sababu, Cucu. Alikosa kwa nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema ulikuwa mgonjwa, na nani angenipinga? Nikamwambia, "Andika alitukanwa na mke mwenzake mbele ya watu."

Ameandika, tena kwa Kiingereza. Mimi na wewe ambao hatukusoma tumo sasa ndani ya kitabu cha chuo, wewe kwa vipimo vitatu, mimi kwa mdomo. Msamaha sijui kuuomba, unanijua. Lakini mtu akifungua ukurasa huo, hata miaka ikipita, atajua wewe ulikuja, na ile siku moja ni mimi niliyekuzuia.

Pumzika, na usinijibu.

Mke mwenzako, yule aliyetangulia