Yule Mama wa Chai wa Ewuaso Kedong

S.L.P. 418,
Kitengela.
22 Septemba 2025

Mpendwa dada yangu Kui,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Wewe na watoto mko wazima? Baridi ya Kanada imeshaanza kuwauma, au bado mnajigamba? Sisi tunaendelea, ila vumbi la Kitengela linatumaliza vifua. Mama yuko Nkoroi, goti linamsumbua, lakini habari za daktari hataki kuzisikia.

Uliniuliza kama nimefurahi kuacha uhariri. Sijafurahi, Kui. Mimi na Naimo tumeendesha lile jarida la taaluma ya uhalifu miaka tisa, tukibembeleza maprofesa wasome makala za wenzao na kuzirudisha kabla hazijaota ukungu. Mwezi ujao tunawakabidhi wengine, na chuo kinataka tuandike kurasa mbili za kuaga. Wiki tatu sasa hatujaandika hata mstari.

Sababu ni hii. Mwaka jana mtafiti mmoja kijana, Mbeke, alituletea makala kuhusu wizi wa ng'ombe. Shahidi wake mkuu alimwita tu "mwanamke wa Ewuaso Kedong", na kumpa jina la bandia. Mimi, kwa ule ujuaji wangu unaoufahamu, nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: haitoshi, eleza ni nani na aliona akiwa wapi. Naimo alisita. Nikamwambia bila hayo hatuchapishi. Basi Mbeke akaongeza kwamba ni mjane kutoka Illasit, anauza chai karibu na lango la mnada wa mifugo, na hapo ndipo alipoona malori yakipakiwa ng'ombe wa wizi.

Mjane wa Illasit anayeuza chai pale langoni ni mmoja tu. Sikujua, na sikuuliza. Makala ikasambaa kwenye simu za watu, na mwezi haukuisha kabla ya kibanda chake kuchomwa. Alihama na watoto wake, hakuna anayesema wapi.

Jumanne nilienda pale mnadani kuomba msamaha. Mwanamke mmoja wa mboga alinitazama kuanzia viatu, akaniambia, "Wewe ni wa kuandika, sindio? Enda tu, mzee. Hapa hatuongeangi na watu wa kuandika." Nilirudi kwa gari nikilia, mtu mzima na mvi zangu.

Makala tumeiondoa mtandaoni, lakini ilishafika kila mahali. Naimo hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaniumiza zaidi. Nimechoka, dada. Miaka tisa yote naiona bure.

Nisalimie shemeji Nelson na watoto. Ann anakusalimu, anasema utume picha za nyumba mpya. Mungu awafunike huko mliko.

Mniombee na mimi. Nilimsihi Mbeke anitajie jina halisi la yule mama, akakataa, na ana haki. Kila nikipiga magoti kumwombea, sina jina la kumtaja.

Ni mimi kaka yako, anayekupenda siku zote,
Macharia