Vidonge vya Razan

Faza, Jumatatu

Kaka Fahmi,

Assalaam alaykum. Mbuzi kazaa mapacha, na cherehani ya tatu nimenunua. Sote wazima, ila Razan.

Ulimwambia Mama kwamba mizizi tuliyokupa imetuliza kifafa cha panya wa maabara. Basi kavitupa vidonge vya mwanangu, amchemshia mizizi. Nikimkataza, hunijibu: "Mwanangu daktari kasema! Wewe mshona madera wajua nini?"

Najua kuhesabu. Kwa vidonge, Razan alianguka mara mbili kwa mwezi. Mwezi huu mara kumi na moja, jana kando ya jiko la makaa. Vipya nilivyoleta, Mama kavificha.

Mpigie leo, umwambie, "Mama, sijui bado. Mrudishie vidonge." Najua yatakukwama kooni, msomi wetu. Yaseme.

Dadako,
Swafiya